Vidole vya Mikono Miwili

Naomba radhi kwanza kwa chupa hii niliyoiweka mezani. Walioketi mbele wataona ndani yake kitu kama sifongo kavu, rangi ya kahawia, chenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Ni kipande cha sega nilichokichimba kwenye kichuguu siku tano zilizopita. Nilipangusa mchwa wote kwa brashi laini, nikakitia chupani, nikafunika mdomo kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite. Tangu hapo sijakigusa. Tutarudi kwenye chupa hiyo kabla hatujaagana. Kwa sasa tuiache, na mtoto yule wa mbele tafadhali asiitikise.

Kila aliyepita shule ya msingi katika nchi zetu amewahi kuandikishwa insha juu ya kidole kimoja kisichovunja chawa. Nami niliiandika, nikapewa alama nzuri, nikaamini nimeuelewa ushirikiano. Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma biolojia, ndipo nilipong'amua kwamba methali ile inaeleza jambo rahisi kuliko tunavyodhani. Vidole vinasaidiana kwa sababu ni vya mkono mmoja. Vinalishwa na damu moja na vitazikwa kaburi moja. Kidole gumba hakina mtoto wake wa kando ambaye kinataka kumwekea akiba. Kisaliti shahada ili kipate nini? Ajabu ingekuwa kuona chawa akivunjwa na kidole chako na kidole cha mtu usiyemjua, ambaye chawa wako hawamhusu.

Ugumu wa jambo hilo tunaujua hata mitaani. Watu kumi wanacheza upatu, kila mwezi mmoja anapokea. Yule anayepokea mwezi wa kwanza ana kila sababu ya kuhama mtaa mwezi wa pili. Kinachomzuia ni aibu, ni ndugu zake waliobaki, na ni yule mama mwenye daftari anayejua hadi kwao kijijini. Mchwa hana daftari, na kuvu haina haya. Hata hivyo viumbe hivi viwili vimecheza upatu wao kwa muda mrefu kuliko milima mingi tunayoiona leo, na hakuna aliyehama. Nimekuja kueleza kwa nini.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859, alikiri kwamba wadudu vibarua wasiozaa walimsumbua sana. Iweje tabia ya kutozaa irithiwe? Jibu la hesabu lilitolewa na Mwingereza William Hamilton mwaka 1964: kibarua anayemlea ndugu yake anapitisha sehemu ya urithi wake kwa njia ya pembeni. Hilo, kwa lugha yetu ya leo jioni, ni jambo la mkono mmoja. Ninaliacha hapo, maana limesemwa sana.

Mimi nasumbuliwa na mikono miwili. Mjerumani Anton de Bary, mtaalamu wa kuvu, ndiye aliyelipa neno simbiosi maana yake mwaka 1878: kuishi pamoja kwa viumbe visivyofanana. Hakusema vinapendana. Kwake hata kupe na ng'ombe wangeingia humo. Waliokuja baadaye ndio waliolipaka neno hilo asali, na sisi tukalifasiri kwa maneno matamu zaidi.

Basi tuingie kichuguuni. Nilipokuwa mdogo, mvua za kwanza zilikuwa na maana moja: kumbikumbi. Jioni tuliwasha karabai uani, chini yake tukaweka beseni la maji, wakaanguka kama mvua ya pili. Bibi aliwakaanga bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao, akatia chumvi. Majuma kadhaa baadaye alitutuma kwenye vichuguu vilevile kuokota uyoga. Hakuna aliyetueleza kwamba kitoweo cha kwanza na cha pili vilitoka nyumba moja, au kwamba aliyerushwa na mvua na aliyechomoza ardhini ni mwenyeji na mshirika wake, kila mmoja akitafuta njia ya kupata watoto. Bibi alijua kwa macho: pasipo na kichuguu, uyoga ule hauoti.

(Kwa ambao bado wanamwita mchwa sisimizi mweupe: si sisimizi. Ni wa ukoo wa mende, mende aliyejifunza kuishi kijamaa. Sisimizi ni jamaa wa nyigu na nyuki, na ni adui yake mkubwa.)

Mchwa wanaojulikana ni aina zipatazo 3,000. Kati yao aina 330 hivi, za Afrika na Asia, hulima kuvu. Kuni, majani makavu na nyasi zimejaa selulosi na lignini, vitu vigumu ambavyo tumbo la mnyama haliviwezi peke yake. Mchwa wa kale walibeba tumboni vijidudu vya kuwasaidia kumeng'enya. Hawa wakulima kazi kubwa waliihamishia nje, kwenye shamba la kuvu iitwayo Termitomyces, chini ya kichuguu, mahali penye joto na unyevu usiobadilika sana.

Utaratibu wao, wapishi mnisamehe, ni huu. Vibarua wakubwa huleta majani na kuni. Vibarua vijana huzila pamoja na vitonge vyeupe vidogo, kama vichwa vya pini, vinavyoota juu ya sega. Vitonge hivyo vimejaa spora, ambazo ndizo mbegu za kuvu. Chakula hupita tumboni haraka, nusu kimesagwa. Spora hupita zikiwa hai. Kinyesi hicho hutandazwa juu ya sega, na mbegu zimo ndani yake tayari. Kuvu humea, huivunja lignini, hutoa vitonge vipya, na baada ya wiki kadhaa sehemu ya chini ya sega, iliyokwisha kulainika, huliwa na vibarua wakubwa. Sega hujengwa juu na kuliwa chini. Tazameni jambo moja hapo, maana nitalirudia: kwa mchwa, kuvuna ndiko kupanda. Anayekula kitonge ndiye anayesia mbegu, kwa tendo lilelile.

Sasa kitendawili. Wanabiolojia wana kanuni inayosadikika: mgeni akirithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto wa mwenyeji, atakuwa mwema, kwani nyumba ikiungua naye anaungua. Akiingia kutoka nje kila kizazi, hana sababu ya kuwa mwema. Akinyonya leo, kesho anapanga kwingine. Ushahidi wa upande wa kwanza ni mwingi. Vidukari, wale wadudu mafuta wanaowasumbua wakulima wa mboga, hubeba mwilini bakteria aitwaye Buchnera, anayepita kutoka kwa mama hadi kwa watoto tangu zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Amefungwa ndoa hiyo kiasi kwamba maandishi yake ya urithi yamesinyaa hadi herufi 640,000 hivi, wakati ndugu zake wanaoishi huru wana milioni kadhaa. Hawezi kutoka tena. Mbung'o vilevile: jike hubeba mtoto mmoja tu tumboni, humnyonyesha humohumo ndani, na katika maziwa hayo humpa pia bakteria wanaotengeneza vitamini ambazo damu haina. Bakteria hao wakiuawa, jike huwa tasa. Hiyo ni mikono miwili iliyoshonwa ikawa mmoja.

Mchwa hawakushona. Kumbikumbi wengi wanaporuka hawachukui kuvu yoyote. Dume na jike hutua, hukata mbawa, huchimba chumba, huziba mlango, hulea vibarua wa kwanza kwa akiba ya miili yao wenyewe. Vibarua hao wakitoka nje kwa mara ya kwanza ndipo wanapookota spora zilizopeperushwa na uyoga wa vichuguu vingine. Uyoga tulioutafuta kwa bibi ulikuwa umechomoza kwa ajili yao, si kwa ajili yetu. Kwa hiyo kichuguu kichanga kinaweza kuokota mbegu za kuvu tano, kumi, zisizo na udugu wowote, kila moja ikiwa na hamu ya kutumia kuni za wenzake kutoa uyoga wake. Kwa mujibu wa kanuni, hilo ni shamba la bibi. Lilipaswa kusambaratika zamani.

Aliyelishughulikia swali hili kwa subira kuliko wengi ni Duur Aanen, Mholanzi wa Chuo Kikuu cha Wageningen, pamoja na Jacobus Boomsma wa Copenhagen na wenzao. Mwaka 2002 walichapisha nasaba mbili zilizowekwa bega kwa bega: ukoo wa mchwa wakulima na ukoo wa kuvu zao. Walichokiona ni kwamba kilimo hiki kilianza mara moja tu, hapa Afrika. Hakuna mchwa anayejulikana aliyewahi kukiacha, wala kuvu iliyowahi kutoroka ikaishi peke yake. Urithishaji kutoka kwa mzazi ulizuka mara mbili tu: katika kundi moja malkia ndiye anayebeba kuvu tumboni siku ya kuruka, na katika aina moja ya mchwa wakubwa, kazi hiyo ni ya mfalme. Wengine wote huokota nje. Kanuni iliyosadikika, basi, haikuwa na la kusema juu ya ushirikiano mmojawapo mkubwa kuliko wote barani.

Jibu lilikuja mwaka 2009, na napenda jinsi lilivyo la kawaida. Aanen na wenzake walichukua vichuguu vya Afrika Kusini, wakapima kuvu ya kila kimoja, wakakuta kila kichuguu kina kuvu ya uzao mmoja, nakala moja iliyojirudia. Katika maabara wakaotesha nyuzi za kuvu za uzao mmoja pamoja, kisha za uzao tofauti pamoja. Nyuzi za uzao mmoja zikikutana huungana, zikawa mwili mmoja, zikatoa vitonge vingi. Nyuzi za uzao tofauti hukataana. Kwenye mpaka wao pana ukuta na mavuno hafifu.

Sasa rudini kwenye kuvuna ndiko kupanda. Tuseme kichuguu kichanga kina kuvu kumi. Moja, kwa bahati tu, imeenea kuliko nyingine. Kwa kuwa imeenea, nyuzi zake hukutana na nyuzi zake zenyewe mara nyingi zaidi, huungana, hutoa vitonge zaidi ya fungu lake. Mchwa hula vitonge vilivyopo. Kinachopandwa kesho, basi, ni hiyo zaidi kuliko jana, na kesho kutwa zaidi. Iliyo chache inazidi kuwa chache, mpaka inapotea. Mchwa hakuchagua. Hakuna hakimu wala askari wa kuvu, na hakuna anayenusa mbegu ngeni. Ulaji wa kila siku peke yake umegeuza vidole vya mikono kumi kuwa vya mkono mmoja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wenzetu wanaochunguza wakulima wa Amerika, wale sisimizi wakata majani, wamekuta polisi kweli. Huko malkia hubeba kuvu kutoka kwao, na kinyesi cha vibarua kina uwezo wa kudhuru kuvu ngeni. Kuvu ya nyumbani ndiyo inayokipa uwezo huo. Ni jambo la kusisimua, na magazeti hulipenda. Mimi naona la mchwa ni kubwa zaidi. Polisi huweza kuhongwa, yaani mageuko yanaweza kuzaa kuvu inayojua kujificha. Mpangilio wa kupanda unachokivuna hauna mlango wa kuhonga.

Umedumu muda gani? Kusini-magharibi mwa Tanzania, katika Bonde la Rukwa, kuna miamba ambayo majivu yake ya volkano yameruhusu umri wake kupimwa: miaka milioni 25. Mwaka 2016 Eric Roberts na wenzake walieleza viota vya mchwa vilivyogeuka mawe ndani ya miamba hiyo, na masega yamo ndani yake, na vijitufe ambavyo mchwa alivifinyanga kwa kinyesi vingali vinaonekana. Ni mashamba ya wadudu ya kale kuliko yote yaliyopatikana kama mabaki. Miamba ya mfuatano huohuo ndiyo iliyotoa taya la Rukwapithecus, lililotangazwa mwaka 2013, mnyama wa kale kuliko wote wanaojulikana katika ukoo wa sokwe na binadamu. Kwa hiyo huko Rukwa, jamaa wa kale wa ukoo wetu alipokuwa akitafuta matunda mitini, chini ya miguu yake kilimo kilikuwa kimekwisha kuwa kazi ya mazoea. Sisi tulishika jembe miaka 10,000 hivi iliyopita, na tayari tunalalamika kuwa ardhi imechoka.

Msidhani, hata hivyo, kwamba ndani ya kichuguu pana amani tupu. Kuvu inataka uyoga, kwa maana uyoga ndio njia yake ya kupata watoto kwa jinsia. Mchwa wanataka vitonge. Uyoga kwao ni mali iliyotoka nje ya nyumba bila kurudi. Kitonge na uyoga huanza kwa umbo moja, na mchwa wanaokula vitonge mapema wanaizuia kuvu kufika mbali. Katika ile aina ambayo mfalme hubeba kuvu, uyoga hauonekani kabisa, au ni nadra mno. Ndoa imedumu, lakini mmoja amenyang'anywa uzazi wa kawaida. Ndiyo maana najizuia kutumia neno upendo.

Twende Laikipia, nchini Kenya, tukaone ushirikiano uliovunjika mbele ya macho ya watafiti. Kwenye udongo mweusi wa huko huota mgunga mfupi ambao miiba yake huvimba ikawa kama mipira yenye matundu. Upepo ukivuma, hupiga mluzi. Ndani ya miiba hukaa sisimizi. Mti huwapa nyumba na asali ya majani. Wao humvamia puani tembo au twiga anayethubutu kuula. Kuna aina nne za sisimizi wanaogombea miti hiyo, na si wote waaminifu. Mmoja hula machipukizi ya mti kiasi cha kuufanya usizae, kwa kuwa mti uliotanuka utagusana na mti wenye jirani mkali.

Mwaka 1995 sehemu ya ardhi ya Mpala, hukohuko Laikipia, ilizungushiwa uzio ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu wa kawaida angesema miti ikifungiwa tembo itanawiri. Mwaka 2008 Todd Palmer na wenzake walichapisha kilichotokea. Mti, usipotafunwa tena, ulipunguza asali na miiba ya kukaa. Kwa nini ulipe ulinzi usiouhitaji? Sisimizi walinzi wakafifia. Nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine isiyolinda, ambayo hukaa katika mashimo yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa, na hivyo huwaachia mbawakawa hao njia wazi. Miti isiyoliwa na tembo ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyoliwa. Tembo, yule waliyekuwa wakimpiga vita, ndiye aliyekuwa ameshika upatu wao pamoja. Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza nilirudia ukurasa nikidhani nimesoma kinyume.

Kisha akaja mgeni, sisimizi wa kichwa kikubwa, aliyeenea duniani kwa mizigo ya binadamu. Huwaua sisimizi walinzi na mabuu yao, naye haulindi mti. Mwaka 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionyesha mkufu wa mambo katika hifadhi ya Ol Pejeta: palipo na mgeni huyo, tembo huvunja miti mara tano hadi saba zaidi, uwanda huwa wazi, punda milia humwona simba kwa mbali. Kati ya 2003 na 2020, punda milia walipungua kutoka asilimia 67 hadi 42 ya mawindo ya simba, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo kabisa, wakafika asilimia 42. Simba amebadilishiwa chakula na mdudu asiyefika urefu wa punje ya mchele.

Kila nikisema haya, mtu mmoja husimama na kuuliza kama vyama vyetu vya ushirika, au hata serikali, havipaswi kujifunza kwa mchwa. Nimjibu mapema. Kibarua wa mchwa hazai, hachagui kazi, na akizeeka hupelekwa nje kwenye hatari kwanza. Kichuguu kinadumu kwa kuangamiza kila uzao wa kuvu isipokuwa mmoja. Nisingependa kuwa raia huko, na nina shaka kama muulizaji angependa.

Sasa chupa. Naomba taa ya pale iwashwe, na mtoto yule asogee, kwa kuwa macho yake ni mazuri kuliko yangu. Unaona nini? Ndiyo, weupe, kama pamba, upande wote wa chini. Siku tano zilizopita haukuwepo. Wengi watadhani ni kuvu ya mchwa imefurahi kupata nafasi. Siyo. Hii ni kuvu nyingine, Pseudoxylaria, gugu la shamba hili. Haikuingia kwa kitambaa. Ilikuwemo ndani ya sega wakati wote, katika kichuguu chenye afya, imelala kati ya nyuzi za mwenye shamba, huku mchwa wakipita juu yake usiku na mchana. Nilichofanya ni kuwaondoa mchwa tu. Ikiachwa siku chache zaidi itatoa vijiti, na Termitomyces iliyotawala hapa peke yake itakuwa imezikwa chini yake.

Wanaotaka kuangalia wapite kwa mstari, upande huu. Chupa isifunguliwe.